Kitambaa cha Mheshimiwa

Harufu ilitangulia, Mzee Senkondo akafuata.

Ilipita mlangoni mwa zahanati ya Kwemgambo ikiwa imejificha nyuma ya dawa ya viatu na mafuta ya karafuu. Lakini Sista Naetwe alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kunusa vidonda, na pua yake haikuwa imechukuliwa pamoja na vifaa vyake vingine. Aliinua uso kutoka kwenye kiti cha plastiki kule pembeni, alikowekwa kama ndoo ya kudekia, akamtazama mzee akipita. Suti ya kijivu, tai, viatu vyeusi vilivyong'arishwa hadi mtu angeweza kujitazama humo akichana nywele. Mguu wa kushoto ulikanyaga chini kama wa kuazima.

"Hamjambo, wananchi," alisema Mzee Senkondo. Tangu awe mwenyekiti wa kamati ya zahanati hakuwa tena na majirani, alikuwa na wananchi.

"Hatujambo, Mwenyekiti," benchi zima likaitika.

Sista hakusalimiwa. Mzee alikwenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa mashine. Jina lake la kiserikali ni Tabibu wa Kwanza, na lilikuwa limeandikwa ubavuni, lakini Kwemgambo nani angekiita tabibu kitu kilicholetwa na magari matatu na king'ora? Kimo chake kilikuwa cha kabati la vyombo. Alipewa kazi ya kuwaangalia watu wazima na maradhi yao ya kila siku, presha, sukari, pumu na matumbo. Unaweka kiganja kwenye bamba, anasoma presha. Unapuliza mrija, anasoma sukari. Unasimama mbele ya jicho lake, anasoma joto na damu mwili mzima, kuanzia utosini hadi ukucha wa mwisho. Huvui hata soksi. Jicho lile lilipenya nguo na ngozi ya kiatu, na hilo ndilo liliwafurahisha wazee kupita yote, kwamba sasa mtu anatibiwa na heshima zake zote mwilini.

"Karibu, Eliakunda Senkondo," Mheshimiwa alisema kwa sauti ya mtangazaji aliyeshiba. "Presha, mia moja arobaini na nane kwa tisini na mbili. Imepanda. Sukari, kumi na saba. Imezidi. Ongeza kidonge kimoja cha jioni. Punguza dengelua."

Benchi likacheka kwa adabu. Mzee Senkondo akakohoa, maana pombe ya miwa haimpendezi mwenyekiti ikitajwa hadharani.

"Miguu," Mheshimiwa akasema, akanyamaza kidogo. "Miguu, mizuri. Hongera."

Watu wakapiga makofi. Kwemgambo ilikuwa imefika huko, mzee mzima anapigiwa makofi kwa kuwa na vidole kumi.

Sista Naetwe akasimama. "Mwenyekiti, hebu vua hicho kiatu cha kushoto."

"Sista," mzee akasema bila kugeuka, "soma ukutani."

Ukutani palikuwa na karatasi aliyoibandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyekuwa karani wa mahakama: MUUGUZI HAPINGI. MUUGUZI ANATHIBITISHA. Kuthibitisha maana yake kubonyeza kitufe cha kijani. Kuku angefundishwa kazi hiyo kwa siku moja, na siku ya pili angedai likizo.

Sista akabonyeza.

* * *

Kitambaa kilikuwa na historia yake.

Kwemgambo hakuna kitu cha thamani kinachoachwa uchi. Redio inavishwa, kochi linavishwa, jagi la maji linavishwa kofia yenye shanga pembeni. Basi alipoletwa Mheshimiwa, miezi tisa iliyopita, Mama Nanzia, mke wa mwenyekiti, aliona haya kwa niaba ya kijiji. Kitu kikubwa vile, tena cha serikali, kinasimama mbele za watu kama kimetoka kuoga! Akakaa siku tano na sindano yake, akafuma kitambaa cha maua, na kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa, akafuma kwa ule uzi wa fedha unaometameta. Mtaalamu wa wilaya alishafunga mitambo na kuondoka mapema akikimbia mvua. Hivyo mavazi yalivalishwa bila yeye, kwa nyimbo na vigelegele, na ua kubwa kuliko yote likaangukia katikati ya paji la Mheshimiwa, juu ya jicho lake.

Jicho lile lilipenya pamba, sufu na ngozi ya ng'ombe. Halikupenya madini.

Siku ya pili ya mavazi hayo Sista Naetwe alikuja kufuta vumbi. Aliponyanyua kitambaa, chini ya jicho kulikuwa na maandishi madogo: *Taswira: safi.* Alipokiachia, maandishi yakabadilika: *Taswira: inakisiwa.* Akanyanyua tena. Safi. Akaachia. Inakisiwa. Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Kamati iligawiwa kitabu cha maelekezo cha kurasa themanini na nne, nayo ikasoma jalada. Sista alikisoma chote, kwa hiyo alijua kukisiwa ni nini. Waliomtengeneza Mheshimiwa walimfundisha mambo mengi, kasoro neno moja tu: sijui. Mahali asipoona anajaza mwenyewe kwa kuchukua wastani. Mtu wa miaka sitini wa milimani, anayetembea sana, kwa kawaida miguu yake huwaje? Mizuri. Basi wako ni mizuri, hongera, apite mwingine.

Palepale angeweza kumwita mwenyekiti. Lakini asubuhi hiyohiyo mwenyekiti alikuwa amesimama hapo na gunia, akikusanya vifaa vyake. Kipima presha cha kupampu kwa mpira, ndani ya gunia. Kipima sukari cha kuchoma kidole, ndani ya gunia. Hata kile cha kusikilizia mapafu, alichokivaa shingoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akamsainisha, kisha akawageukia watu: "Kuanzia leo Sista atapumzika kufikiri." Watu wakacheka. Walicheka sana, baadhi yao hao aliowazalisha kwa mikono yake.

Haya, akasema Sista moyoni. Mmempata msomi wenu. Kaeni naye.

Alihesabu kwamba wiki moja ingetosha kuwaumbua. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mingine minane ikaja juu yake, hakuna aliyegundua kitu. Wenye miguu mizima waliambiwa ni mizima, wakasema kweli huyu anaona. Wenye miguu mibovu waliambiwa ni mizuri, wakafurahi zaidi. Ujinga wa kiwango hicho ulimkera Sista karibu kama tusi. Kila Jumamosi alinyanyua kitambaa, akafuta vumbi, akakishusha upesi kabla dakika haijatimia. Maana ukurasa wa sabini na moja ulisema wazi kwamba jicho likiwa wazi dakika nzima, Tabibu hujikagua na kusoma kwa sauti siku zote alizozibwa, na jina la kila mkono uliolifungua na kuliziba tena.

* * *

"Fumba macho. Nikikugusa useme."

"Hapo."

"Bado sijakugusa, Bibi Nambike."

"Basi nimehisi unakuja."

Walikuwa nyuma ya zahanati, kwenye karo la kufulia. Bibi Nambike alikaa ukingoni na miguu yake miwili mapajani mwa Sista. Sista alishika unyasi mmoja wa fagio, akamgusa nyayo, akapita kidole hadi kidole, akafungua katikati ya vidole, akaangalia kisigino na kukitia mafuta, akatazama ndani ya viatu vya raba kama kuna kokoto. Sukari ikikaa sana mwilini huanza kuua hisia chini, mtu akakanyaga kaa la moto akadhani ni sakafu. Jambo hilo halihitaji magari matatu. Linahitaji mtu wa kuinama.

"Umefurahi nini leo?" bibi akauliza. "Una uso wa aliyeiba nyama."

"Senkondo anaoza mguu."

"Wewe!"

"Nilimnusa juzi. Na Mheshimiwa wake amempa hongera."

Bibi Nambike akacheka, kisha cheko likamkatikia njiani. Yeye peke yake aliambiwa habari ya kitambaa, na aliipenda kama wengine wanavyopenda tamthilia. Akarudisha mguu mmoja chini.

"Hapa karoni unawaangalia wangapi, Naetwe?"

"Thelathini na nane."

"Na wenye sukari daftarini?"

"Sitini na mmoja."

"Hao wengine je?"

Sista akajifanya anatafuta kopo la mafuta.

"Mwalimu Namkunda, kwa mfano. Unamwangalia?"

"Huyo alinitoa kwaya. Alisema mbele ya watu kwamba naimba kama mlango."

"Si unaimba kama mlango?"

"Hakuwa na haja ya kusema."

"Na Senkondo ulimruka kwa sababu ya gunia. Na yule wa mashine ya kusaga?"

"Mdomo wake mchafu."

"Kumbe wewe unachagua miguu kama viazi sokoni!" Bibi Nambike akavaa kiatu, akachelewa kukifunga. "Mimi siku nikikuudhi, unaniacha nioze?"

"Usiseme upuuzi."

"Nauliza tu. Nijue nianze kukusifia mapema."

Aliondoka bila kuaga. Sista akabaki na unyasi mkononi. Kiburi kikamwambia bibi kazeeka, anaropoka. Akakisikiliza kiburi kidogo, kisha akaingia ndani kuchukua mwavuli.

* * *

Mama Nanzia alimpokea kwa sura ya mtu aliyekuta chura jikoni. "Karibu, Sista. Baba amelala. Ana malaria."

"Nani kasema malaria?"

"Anatetemeka."

"Hata mbwa aliyenyeshewa anatetemeka, mama. Naomba nimwone mguu."

Mzee Senkondo alikuwa kwenye kochi, amefunikwa blanketi mbili, na viatu miguuni. Macho yalikuwa na ukungu, lakini cheo kilikuwa bado kiko macho.

"Umetumwa na nani?"

"Na pua yangu. Mzee wangu, naomba kwa heshima, vua kiatu. Nikute mguu mzima nitakuomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji, na utaandika mwenyewe maneno ya kusema."

Kishawishi hicho kilimgusa. Alifikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Juzi Mheshimiwa ameniona, ulikuwepo. Nikivua kiatu mbele yako leo, kesho watu watasema hata mwenyekiti hamwamini. Kitabaki nini? Wewe una kitu gani ambacho yeye hana?"

"Sina. Yeye ndiye hana." Ulimi wa Sista ukafika ukingoni kabisa. Sentensi moja tu ilibaki. *Mkeo alimziba jicho, nami nikanyamaza.* Aliiona mbele yake, nzima, na nyuma yake akaiona miezi kumi na sita iliyobaki kabla ya kustaafu, leseni yake ndani ya fremu ukutani, na wilaya nzima ikimcheka. Akaimeza.

"Hana nini?" mzee akauliza.

"Hana miguu," Sista akasema, na mzee akaguna kwa dharau, na ilikuwa haki yake, maana jibu lenyewe lilikuwa la kijinga.

Alirudi nyumbani akijitetea njia nzima. Nilimwambia. Nilikwenda hadi kwake na mvua yote hii. Aliyekataa ni yeye. Utetezi ulikuwa mzuri, una mantiki, na ulinuka kama kile kiatu.

* * *

Alhamisi asubuhi waliletwa wawili, Mzee Senkondo na kochi lake. Wanaume wanne walibeba vyote kwa pamoja, na kitambaa cha kochi kikiwa bado kimetandikwa mgongoni kwa adabu. Mzee alikuwa anaongea na hakimu aliyekufa zamani, akimwomba aahirishe kesi.

Sista hakuuliza ruhusa. Alichukua mkasi wa bandeji, akakata kiatu kuanzia kwenye kamba hadi ncha. Harufu ikatoka nzima na benchi likahama. Soksi ilikuwa imegandia. Alipoilowesha na kuibandua, mguu ulionekana umevimba hadi juu ya kifundo, mwekundu wa kung'aa, na kidole cha pili kilikuwa cheusi. Chini ya wayo, katikati ya usaha, kulikuwa na kitu kidogo cha shaba. Pini ya kubandikia matangazo. Ilikuwa imepenya soli, pengine wiki mbili nyuma, na mwenyewe alikuwa akitembea juu yake, akihutubia wananchi.

"Pini!" Mama Nanzia akashika kichwa. "Na hakusikia?"

"Hasikii. Sukari imeua hisia. Mwekeni mbele ya Mheshimiwa, upesi."

Hapakuwa na njia nyingine, na Sista alijua hivyo kuliko wote. Barabara ya kushuka tambarare ilikuwa imemezwa na maporomoko. Kilichobaki ni machela ya kuruka, ile ndege ndogo ya wagonjwa, na machela ilimsikia Mheshimiwa peke yake. Kabati la sindano na dawa kali lilifunguliwa na Mheshimiwa peke yake. Alfajiri hiyo Sista alipiga simu wilayani baada ya kusikia hali ya mzee. Sauti tamu ikamjibu: "Ombi lipitie kwa Tabibu wa Kwanza. Asante kwa kujali."

Kochi likasogezwa. Kiganja kikawekwa kwenye bamba, mrija ukapulizwa kwa shida.

"Presha, tisini na nne kwa hamsini na sita. Imeshuka. Sukari, ishirini na sita. Imezidi sana. Anywe maji, arudi kesho." Mheshimiwa akanyamaza kidogo. "Miguu, mizuri. Hongera."

Mtu mmoja kule nyuma akaanza kupiga makofi kwa mazoea, akajikamata.

Mguu ulikuwa pale mbele ya macho arobaini, umeoza, unatoa maji. Na bado mwanamume mmoja wa wale wabebaji akasema polepole, "Labda ni sisi tunaona vibaya."

Sista Naetwe alimtazama. Miezi tisa alikuwa ameisubiri aibu ya Mheshimiwa, na sasa ilikuwa imesimama uchi katikati ya chumba, na hawa watu walikuwa wanatafuta namna ya kuifunika. Aliwadharau hadi akahisi kizunguzungu. Halafu, bila kupenda, akahesabu. Wao walikuwa hawajui. Chumba kizima, pamoja na mashine, aliyejua alikuwa mmoja.

Kusoma kidonda huchukua dakika moja na nusu, ukurasa wa thelathini. Ukaguzi huanza dakika ikitimia, ukurasa wa sabini na moja. Hapakuwa na namna ya kumwokoa mzee kwa chini ya dakika. Wazo moja likaja, dogo na lenye miguu mingi kama tandu: mwambie Mama Nanzia akivue yeye, mkono wa mwisho uwe wake. Likamchefua kuliko usaha.

Alinyoosha mkono, akakivuta kitambaa, ua na yote, akakitupa chini.

"Sista!" Mama Nanzia akapiga kelele. "Unamvua nguo!"

"Jicho limefunguliwa," Mheshimiwa akasema. "Taswira, safi. Mgonjwa asisogee."

Mama Nanzia alikuwa ameshakiokota kitambaa chake. Sista akasimama kati yake na mashine.

"Alikuwa haoni, mama. Uzi wako wa fedha ulimziba."

"Nilimziba mimi?" Mama akakitazama kitambaa mkononi. "Miezi yote hii, ni mimi?"

Hapo tena palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sekunde chache tu.

"Siyo wewe," Sista akasema. "Subiri utasikia."

"Dakika imetimia," Mheshimiwa akasema. "Ukaguzi. Jicho lilizibwa siku mia mbili sabini na nne. Lilifunguliwa mara arobaini na moja, kila mara chini ya dakika, na kuzibwa tena. Mkono: Naetwe Mbwambo, muuguzi. Mara zote arobaini na moja."

Alisoma kwa sauti ileile ya kushiba, kama anayetaja bei ya vitunguu.

Chumba kikageuka kumtazama. Mwenye mashine ya kusaga, yule mwenye mdomo mchafu, akautumia. Mwingine akasogea kumshika mkono.

"Nitukaneni," Sista akasema, "lakini mkisimama mbele ya jicho nitawauma. Bado sekunde ishirini."

Wakasimama walipo. Zilikuwa sekunde ndefu. Alizihesabu huku anatazama mguu, kwa kuwa nyuso hakuweza.

"Mguu wa kushoto, hatari," Mheshimiwa akasema. "Kidole cha pili kimekufa. Sumu imeingia kwenye damu. Machela imeitwa, dakika kumi na nane. Kabati limefunguliwa. Muuguzi aanze dawa."

Kabati likalia, likafunguka. Sista akatafuta mshipa, akaupata mara ya kwanza, akatundika chupa ya maji kwenye msumari wa ile karatasi ya ukutani, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, akachoma dawa, akaosha kidonda. Mikono yake haikutetemeka. Iliudhi watu kuona haitetemeki.

Maji yalipoingia mzee akafungua macho. Hakimu wake alikuwa ameondoka.

"Nimesikia," akasema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya pili."

Akafikiri, pumzi zikimpanda na kushuka. "Wale unaokaa nao kule karoni. Nilidhani mnasengenya."

"Tulikuwa tunasengenya pia."

"Mbona mimi hukuniita?"

Angeweza kusema kwamba asingekuja. Hata ingekuwa kweli kiasi. "Nilikudharau, mzee wangu," akasema.

Mzee Senkondo akafumba macho. Sista akadhani amelala.

"Hata mimi nilikudharau," mzee akasema. "Lakini mimi nilikuwa sijui kitu. Wewe ulinidharau huku unajua."

Juu ya bati kukasikika mvumo wa machela ikizunguka kutafuta uwanja wa shule.

* * *

Machela ilipopaa naye, Mama Nanzia akiwa amekaa pembeni ameshika mkono wa mumewe, watu walirudi zahanati bila kuambiwa, wakasimama barazani. Mheshimiwa alikuwa amezima taa zake zote isipokuwa moja nyekundu.

"Tabibu wa Kwanza amesimamisha huduma hadi ukaguzi wa wilaya," alisema. "Taarifa imepelekwa. Muuguzi asubiri na asiguse mgonjwa."

Wangekuja Jumatatu, au siku barabara itakapofunguliwa. Wangekuja na gunia lingine, na safari hii leseni ingeingia humo, fremu na kioo chake.

Sista Naetwe alikwenda nyuma. Alirudi na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo na lile daftari. Akakaa chini kwenye saruji ya baraza, magoti yakimlalamikia, akasoma majina. Yalikuwa ishirini na mawili, bila la mwenyekiti.

"Nyinyi sikuwaangalia," akasema. "Kila mmoja nina sababu yake, na zote ni za kipuuzi. Vueni viatu."

Hakuna aliyesogea. Mwenye mashine ya kusaga akatema mate kando, akaondoka. Wawili wakamfuata. Waliobaki walitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake awe mjinga wa kwanza.

Mwalimu Namkunda ndiye aliyesogea, na fimbo yake na shingo yake ndefu ya kuongoza kwaya. Alijishusha kwenye benchi, akavua kiatu, akavua soksi, akaikunja vizuri, akauweka mguu mapajani mwa Sista kama anayemkabidhi mtoto mtu asiyemwamini.

"Wewe hunipendi," akasema.

Sista alikuwa ameshafungua kidole cha kwanza na cha pili. Akapinda shingo apate mwanga, akatazama katikati ya cha tatu na cha nne, akapitisha kidole gumba kwenye wayo wote, polepole, akageuza kisigino.

"Sikupendi," akasema. "Lete na ule mwingine."